Taya la Severini

Ifakara, Jumapili baada ya Misa

Mke wangu Gaudensia, Mama Oswini,

Pokea salamu zangu, wewe na wanetu wawili na wote wanaolala chini ya paa letu. Je, Oswini ameacha kukohoa? Na yule mdogo ameshajua maneno mangapi? Niambie pia kama mahindi mmeshapanda au bado mnaitazama mvua. Mimi mwili ni mzima. Homa ya mwezi uliopita iliondoka, na chakula kinashuka, wali na samaki, samaki na wali, mpaka naota ugali wa ulezi. Joto la huku Kilombero sijalizoea hata mwaka huu wa pili. Ninyi huko Ungoni mnajifunika blanketi, sisi tunalala sakafuni tukitafuta ubaridi wa udongo.

Barua hii usimpe katekista akusomee kama zile nyingine. Nimeandika herufi kubwa na kuacha nafasi katikati ya mistari, kwa sababu madarasa matatu uliyosoma yanakutosha. Isome mwenyewe, polepole, watoto wakiwa nje. Nina jambo ambalo nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mtu mwingine.

Mitihani ya mwisho ilikwisha juzi Ijumaa. Lakini sitaanzia hapo.

Unajua nilivyokuja huku. Miaka sita nilifundisha watoto wa kijijini bila cheti, nina chaki na sauti tu, ndipo nikachaguliwa kuja chuo cha ualimu, tayari baba wa watoto wawili. Wenzangu hapa ni vijana waliotoka shuleni moja kwa moja. Waliniita Babu. Mwanzoni nilicheka nao. Ilipofika mwezi wa tisa tukaambiwa kwamba mtihani ni wa serikali, na anayeanguka harudii mwaka, anarudi kwao kushika jembe. Hapo nikaacha kucheka.

Kilichokuwa kikiniua ni hesabu za sehemu. Robo tatu, theluthi mbili, gawanya hii kwa ile. Nilikuwa naitazama karatasi mpaka namba zinakimbia. Kengele ya chuo ikilia moyo unanidunda kama mtu aliyeitwa polisi. Na si mimi peke yangu. Kijana mmoja alimtupia mwenzake sahani ya bati usoni, kisa alitafuna kwa kelele wakati yeye anakariri. Wawili walipigana mlangoni mwa kanisa kwa sababu ya kalamu, na mmoja akang'atwa sikio mpaka likachanika. Wiki haikupita bila damu ya pua kwenye mashati. Walimu walisema ni hofu ya mtihani, itapita.

Mtu aliyenishika mkono wakati huo ni Severini. Ni Mpogoro wa Mahenge, kijana wa miaka ishirini na miwili, mwembamba, na kitanda chake kilikuwa kando ya changu. Hesabu kwake ni kama maji. Kila siku baada ya chakula cha mchana alinikalisha barazani pa bweni, akaazima pishi ya mchele kwa mpishi, akaanza kuumimina kwenye mabakuli.

"Babu, hii hapa nusu. Haya, nionyeshe nusu ya nusu."

Nikikosea alisema, "Aa, Babu, hapo umempunja mteja." Alikuwa na subira, na alikuwa na mdomo. Nilimpenda, Gaudensia. Nataka ulielewe hilo kabla sijaendelea. Nilimpenda kama mdogo wangu wa tumbo moja.

Jumanne moja, zikiwa zimebaki wiki tatu, Padri Mkuu wa chuo chetu alisoma alama za mtihani wa majaribio mbele ya wote. Ni mzungu mzee mwenye ndevu nyeupe, na sauti yake haipandi wala haishuki. Alianza na wa kwanza. Severini alikuwa wa pili. Akaendelea kushuka, jina baada ya jina, na langu halitokei. Lilitoka la mwisho kabisa. Mtu mmoja nyuma akasema, "Babu amefunga mlango," darasa zima likaangua kicheko mpaka Padri akagonga meza.

Jioni ile tulitoka kulima. Wanachuo tunalima mpunga wetu wenyewe, na mashamba lazima yawe tayari kabla ya mvua. Mimi na Severini tulipewa kipande cha mwisho kabisa, upande wa mto Lumemo, ambako matete yanakuficha usione mtu mwingine. Ardhi ilikuwa kavu imepasuka, jembe linaruka. Jua la saa kumi lilikuwa bado linachoma kichwa. Tulilima mistari miwili. Kisha Severini akasimama, akaegemea jembe lake. Sasa naelewa kwamba alitaka kunichangamsha.

"Babu, tusikate tamaa. Robo tatu, gawanya kwa nusu."

"Niache."

"Hii rahisi. Unageuza ya pili, halafu unazidisha."

"Tatu juu ya nane," nikasema.

"Siyo. Hukugeuza. Ni moja na nusu." Akacheka. "Babu, wewe utafunga mlango mpaka wa mbinguni."

Ningependa kukuandikia kwamba sikujua nilichokifanya. Ni uongo. Nilijua. Niligeuza jembe, nikalishika karibu na chuma, nikampiga kwa mpini begani. Akasema, "Babu!" kama mtu anayeita mwenzake aliye ng'ambo ya mto. Nikampiga tena, na mara hii nililenga mdomo. Nilisikia taya likivunjika. Mlio wake ni mdogo, kama kuni kavu. Akaanguka, na mimi nikamfuata pale chini kwa mateke, mbavuni, mgongoni, nikimwambia, "Cheka! Cheka sasa!" Nikainua mpini tena nikampiga mgongoni. Sikuacha kwa sababu nilitosheka. Niliacha kwa sababu mpini ulivunjika.

Damu ilikuwa inaingia kwenye nyufa za ardhi. Meno mawili yalikuwa pale juu ya udongo, meupe kabisa. Severini alikuwa macho. Alinitazama, na mtazamo ule naujua, niliwahi kuuona kwako.

Nilimbeba mgongoni mpaka hospitali ya misheni, kama nusu saa ya kwenda. Hakulia. Damu yake ilinishuka shingoni ikaingia kwenye shati mpaka kiunoni, ya moto. Nilikuwa nasema, "Severini, nisamehe, Severini, nisamehe," mpaka akanipiga kofi dogo kichwani ninyamaze.

Dresa, mfunga vidonda aliyetupokea, ni mtu mzima wa Kindamba, mwenye macho makali. Akauliza, "Amefanyaje huyu?" Severini akaashiria kalamu. Akaandika kwenye karatasi ya dresa: Nimeanguka mtaroni, nikajigonga kwenye gogo.

Dresa akaisoma. Akamvua shati, akazitazama mbavu. Kisha akanitazama mimi na damu iliyokuwa kwenye shati langu.

"Gogo hili lilikuwa na miguu?" akauliza.

Severini akamrudishia kalamu.

Nimeanguka. Neno lile nililisikia mara ya kwanza kinywani mwako. Ulimwambia mama yako, ulipokuwa na kitambaa sikioni, kwamba umeanguka kutoka kwenye ngazi ya ghala. Mimi nilikuwa nimekaa palepale nakula, na nikaendelea kula. Sikio lako la kushoto halisikii mpaka leo, na hakuna ngazi iliyofanya hivyo.

Daktari alimfunga taya kwa waya, na bendeji kutoka kidevuni mpaka utosini. Wiki sita asifungue kinywa. Akarudishwa chuoni kitandani kwake, na mimi nikawa namnywesha uji kwa kikonyo cha jani la boga, kwa kuwa kina tundu ndani kama mrija. Watu wakanisifu. "Babu ana moyo," walisema. Nikameza sifa hizo siku moja, siku mbili, siku kumi.

Na ajabu ni kwamba hakuacha kunifundisha. Alichukua sleti, kibao chake cha kuandikia, akaandika: 2/3 gawanya kwa 1/4. Akanisukumia. Nikikosea anafuta kwa kiganja na kuandika upya, bila mzaha wowote, kwa sababu mzaha ulikuwa umefungwa na waya. Nilimuuliza, "Kwa nini hukusema ukweli?" Akaandika: Ungefukuzwa. Ningekuwa nimepoteza mwaka mzima nikikufundisha bure. Akafuta. Halafu akaandika tena: Sijakusamehe. Hilo tutaongea nikipata mdomo.

Siku ya kumi na mbili Padri Mkuu alitukusanya kututangazia kwamba Bwana Mkaguzi wa serikali anakuja kutoka Morogoro, na kila mmoja atafundisha somo moja mbele yake katika shule ya mazoezi. Asiyefundisha hana cheti, hata kama karatasi zake zote ni nzuri. Mmoja akauliza, "Na Severini?" Padri akasema anasikitika. Mtu aliyeumizwa na mwingine anaweza kuombewa nafasi ya pekee, lakini aliyejiumiza kwa uzembe shambani hana wa kumwombea.

Severini alikuwa amekaa mbele. Sikuuona uso wake, niliona fundo la bendeji tu juu ya kichwa, likitikisika kidogo.

Nilikwenda ofisini kwa Padri siku ileile kabla ya chakula. Nilisimama chini ya picha ya Malkia wa Uingereza nikasema, "Padri, Severini hakuanguka. Mimi nilimpiga. Kwa mpini wa jembe, na kwa mateke akiwa chini."

Akafunga kitabu chake. "Siku kumi na mbili. Kwa nini leo?"

"Kwa sababu umesema aliyejiumiza mwenyewe haombewi."

"Kwa hiyo nisingesema hivyo, ungenyamaza."

"Ndiyo, Padri."

Kisha akaniuliza, "Una mke?"

"Ninaye."

"Umewahi kumpiga?"

Nilitaka kusema kwamba hayo ni ya nyumbani. Nikasema, "Mara mbili. Mara ya pili amembeba mtoto."

"Aliwaambia watu nini?"

"Kwamba ameanguka."

Padri akasimama akaenda dirishani. Aliponigeukia alisema hivi, nakuandikia maneno yake kama yalivyokuwa: "Utafanya mtihani, jina lako liko serikalini na siwezi kulifuta. Lakini ukifaulu, cheti chako kitakuja kwangu kwanza, na kitakaa katika kabati hili. Nitamwandikia mke wako. Yeye ndiye atakayeniambia kama mikono yako ni ya kukabidhiwa watoto wa watu. Akisema ndiyo, nitakutumia. Akisema hapana, nitakirudisha serikalini na maelezo yangu."

"Padri, mke wangu ni mkulima. Alisoma mpaka darasa la tatu tu."

"Mimi nimesoma vyuo vitatu," akasema, "nimekaa na wewe miaka miwili, na nimekosea. Yeye anakujua."

Kabla jua halijazama chuo kizima kilikuwa kinajua. Wapogoro watatu wa bweni la pili walinisubiri njia ya kisimani. Ndoo waliipiga teke, na mimi baada ya ndoo. Mmoja alinishika mikono kwa nyuma, wengine wakafanya kazi. Jicho la kulia lilifumba siku nne, na ubavu bado unauma nikicheka, ila sina cha kuchekea. Mkono mmoja uliponichomoka niliuinua kumpiga aliye mbele yangu, nikaona shingo yake iko wazi kabisa, nikaushusha. Sikuandikii hili unisifu. Nakuandikia kwa sababu ndiyo mara ya kwanza kuushusha.

Severini alipoona uso wangu alikasirika kuliko siku zote. Aliandika kwa nguvu mpaka chaki ikavunjika: Nani aliwatuma? Nilitaka kukupiga mwenyewe.

Nilihamishiwa kulala stoo ya majembe. Huko nilisoma peke yangu wiki ya mwisho. Hakuna aliyezungumza nami mezani. Lakini kila siku baada ya chakula sleti ilikuwa inawekwa mlangoni pa stoo, ina maswali matano. Nayajibu, naiacha palepale, naikuta imesahihishwa.

Karatasi ya hesabu ilikuwa na maswali mawili ya kugawa sehemu. Niliyafanya yote mawili. Niliyageuza.

Padri alikuwa ameandika serikalini kumwombea Severini nafasi ya pekee, na barua yake ilijibiwa kwa kifupi: Bwana Mkaguzi ataamua mwenyewe siku hiyo. Mkaguzi alipofika, mrefu, soksi mpaka magotini, akamwona Severini na bendeji yake, akasema arudi baada ya miezi minne. Severini akatikisa kichwa. Akaandika: Niruhusu leo. Mkaguzi akatazama saa yake, akasema, "Jaribu."

Nilisimama nje dirishani. Lilikuwa darasa la nne, somo la sehemu. Severini aliingia na pishi ya mchele na mabakuli manne, kichwa kimefungwa kama mwanamke mwenye matubwitubwi. Watoto wakaanza kucheka. Akageuka ubaoni akaandika: Leo sauti ni zenu.

Wakaisoma kwa pamoja. Kimya kikaja chenyewe.

Akamimina mchele. Akaonyesha kidole bakuli hili na lile, akainua nyusi, na watoto wakasema. Akaandika swali, akampa chaki mtoto mmoja, huyo akamuuliza mwenzake, mwenzake akamuuliza wa nyuma. Binti mmoja alikosea. Severini hakutikisa kichwa. Alimpa ile pishi, akarudi nyuma akafunga mikono, akamngoja. Binti akamimina, akatazama, akamimina tena, kisha akapiga kelele, "Ni moja na nusu!" na darasa lote likapiga makofi. Mkaguzi alikuwa amekaa nyuma na penseli yake, haandiki kitu.

Mwisho akauliza, "Nani alikufundisha njia hii?"

Severini akaandika ubaoni: Mwanafunzi mgumu. Akalitazama dirisha langu. Mkaguzi akacheka bila kujua anacheka nini. Mimi niliondoka pale dirishani.

Somo langu lilikuwa la kusoma, darasa la pili. Nilikuwa nimeliandaa vizuri. Nilisalimu, nikageukia ubao, nikainua fimbo ya kuonyeshea herufi. Nilipoigeuza kuelekea kwao, mtoto wa kike wa benchi la mbele akajikunja akafunika kichwa kwa mikono miwili. Habari zangu zilikuwa zimefika mpaka kwao.

"Sikupigi," nikamwambia.

Hakushusha mikono. Nikaiweka fimbo nje ya dirisha. Bado. Nikaondoka mbele, nikaenda kusimama nyuma ya darasa kando ya Mkaguzi, nikafundisha kutokea huko, watoto wakiwa wamenipa kisogo. Baada ya muda yule mtoto alishusha mkono mmoja, ule mwingine hakuushusha mpaka kengele. Mkaguzi aliandika sana. Sijui aliandika nini. Majibu yatatoka baada ya Krismasi.

Jana lori la misheni lilimchukua Severini kwenda kwao Mahenge. Nilimbebea sanduku mpaka kwenye lori. Hakunipa mkono. Alipanda, akakaa juu ya magunia, akanitazama mpaka vumbi likatutenganisha.

Sasa nisikilize, Gaudensia. Barua ya Padri iko ndani ya mfuko uleule wa posta pamoja na hii. Anakuuliza swali moja. Usimjibu kwa kunionea huruma, wala kwa kuogopa ndugu zangu watasema nini. Usihesabu miaka niliyosoma wala watoto watakula nini. Mimi ninajua kulima, hawatalala njaa. Kaa na swali lake, uwakumbuke watoto wa watu, arobaini katika chumba kimoja na mimi mbele yao, siku nimechoka, siku nimechekwa. Wewe umeniona siku hizo. Mwandikie yeye moja kwa moja, mimi usinionyeshe.

Nikifika Ungoni nitashukia kwa kaka Damasi, si kwako. Nitakaa huko. Ukitaka nije, utamtuma mtu. Usipomtuma, sitakuja mlangoni pako kusumbua, na watoto nitawaona kanisani.

Nisalimie mama yangu, umwambie mguu wake namwombea. Msalimie kaka Damasi na shemeji, na huyo mtoto wao mpya ambaye sijamwona. Katekista mpe salamu, asinune kwamba safari hii hakuitwa kusoma. Mama yako mpe shikamoo yangu, umwambie nina maneno ya kumwambia ana kwa ana, nimesimama, akiwa amekaa. Oswini na mdogo wake wabusu kwenye paji.

Mvua zikishika, barabara itafungwa, kwa hiyo usicheleweshe jibu la Padri. Kama ni ndiyo, andika ndiyo. Kama ni hapana, andika hapana, na uweke jina lako chini yake, jina lako lote.

Ni mimi mumeo,
Longinus